Damu Ambayo Haikupimwa

Kwa miaka thelathini na sita kazi ya Evanthia ilikuwa kuwatoboa wachumba. Ndivyo alivyoieleza mwenyewe kila alipoulizwa, na watu wakicheka yeye alikuwa hacheki. Katika kisiwa cha Kipro padri hafungishi ndoa mpaka ashike cheti cha damu, na katika wilaya ile cheti hakikutoka bila kupitia chumba chake kidogo nyuma ya kliniki, chenye kiti cha mkono mpana, kabati la sindano, na meza ambayo droo yake ya juu ilijaa lozi.

Lozi hizo hazikuwa za kula. Aliyezidokoa alichapwa mkono, awe daktari awe nani. Zilikuwa za kufundishia. Wachumba wengi walikuja wakitaka muhuri tu wakimbilie kuchagua keki, na Evanthia hakuwa na simile na watu wa aina hiyo. Aliwaketisha, akamwekea bwana lozi mbili na bibi lozi mbili, na kama damu zao wote wawili zilikuwa zimeonyesha alama ya ugonjwa wa damu wa kurithi, basi lozi moja ya kila mmoja ilikuwa imepakwa wino mwekundu.

"Hizi umezirithi," alikuwa akisema. "Moja kwa baba, moja kwa mama. Hii ina alama, hii ni safi. Wewe huumwi, unabeba magunia, unacheza mpira, kwa sababu ile safi inafanya kazi ya wawili. Ukizaa, unampa mtoto moja tu, na huchagui. Haya, fumba macho, chukua."

Wakafumba macho, wakachukua, wakaziweka katikati ya meza. Zikitoka mbili safi, mtoto hana neno. Ikitoka nyekundu na safi, mtoto ni mzima, ila naye anabeba alama kama wazazi wake. Zikitoka mbili nyekundu, Evanthia alizigusa kwa kidole. "Huyu ndiye mgonjwa," alisema. "Huyu damu yake haimtoshi. Ataishi kwa damu za watu."

Hakukosa kutokea bwana harusi mjanja. "Sasa mama, kama ni mmoja kwa wanne, tukizaa watatu tukafunga duka, si tumepona?"

"Lozi hazijui kuhesabu, mwanangu. Kila mimba inaanza upya. Mgonjwa anaweza kuwa wa kwanza, na wanaweza kuwa wote watatu. Rudisha lozi zangu."

Alikuwa na somo jingine, fupi zaidi, la wale wenye ndugu mgonjwa. Hao walikuja wameinamisha vichwa, wameshajihukumu. "Nisikilize," aliwaambia. "Mgonjwa ni nduguyo, si wewe. Kwa hiyo ile nafasi ya nyekundu mbili iondoe, haikuhusu. Zimebaki tatu. Mbili zina alama, moja ni safi kabisa. Hujui uko wapi katika hizo tatu mpaka upimwe. Leta mkono." Wakaleta mkono. Wengine walilia kabla, wengine baada, na wote aliwachemshia kahawa.

Yeye mwenyewe alikuwa dada wa mgonjwa, na hakuwahi kupimwa.

Mdogo wake aliitwa Tasos. Kila wiki ya tatu mama yao, Theopisti, alimshusha kutoka kijijini mlimani mpaka hospitali ya Nikosia akaongezwe damu, na alirudi akiwa na mashavu mekundu na maneno mengi. "Leo nimewekewa ya polisi," alimwambia dada yake. "Toa hiyo peremende uliyoficha kabla sijakutia pingu." Wiki ya pili alianza kufifia, ya tatu hakuweza kupanda ngazi. Mifupa ya uso ilimvimba, tumbo likamtangulia, na wenzake shuleni, kwa kuwa watoto hawana huruma, wakamwita Mjamzito. Alikufa akiwa na miaka kumi na minne, mwezi wa kuvuna zabibu. Evanthia alikuwa na kumi na saba. Tangu hapo nyumba yao ilipata jina, wakaitwa "wale wa damu", na jina hilo lilitajwa kwa sauti ya chini hata na watu waliowapenda.

Pieris hakulijali. Alikuwa fundi bomba, mcheshi, mwenye shungi la nywele nyeupe juu ya paji upande wa kushoto katika kichwa cheusi tii. Mama yake alikuwa nalo, bibi yake alikuwa nalo. Kitu kile hakikujificha kama alama ya damu. Aliyekirithi alionekana nacho toka utotoni, na mtoto wa ukoo ule ungemtambua akiwa ng'ambo ya bonde. Akamvisha Evanthia pete. Kisha, miaka mitatu baada ya vita vilivyokigawa kisiwa, madaktari wakaja kijijini, wakaweka meza katika ukumbi wa ushirika, wakawapima vijana. Pieris akapatikana na alama.

Evanthia hakwenda ukumbini. Mama yake alimkataza, wala hakuhitaji kumkataza sana. "Sisi sindano ya nini?" alisema Theopisti. "Damu yetu inajulikana mpaka makaburini." Ndivyo walivyoamini wote waliozika mtoto wakati ule: mmoja akiugua, basi waliobaki wanayo. Hakuna aliyekuwa amewawekea lozi mezani. Evanthia akapiga hesabu yake rahisi, kwamba yeye anayo na Pieris anayo, akamwona Tasos mwingine amelala kwenye kiti cha basi, midomo myeupe, na moyo ukamkatika. Akairudisha pete kwa mkono wa shangazi yake Pieris.

Pieris alituma ujumbe mara tatu. "Mwambieni apime. Nitangoja." Alingoja miaka miwili, na kwa kijana wa kijiji kile miaka miwili ni mingi. Kisha akamwoa Stalo, msichana wa pwani, mwenye damu safi.

Mwaka uliofuata Evanthia alipata kazi kliniki. Katika wiki ya pili, daktari aliyewafundisha manesi wapya alichora visanduku vinne ubaoni, akafuta kimoja, akasema kwamba mzima mwenye ndugu mgonjwa ana alama mara mbili kwa tatu. Wenzake waliandika. Evanthia alikaa na kalamu mkononi, akitazama kisanduku kimoja kilichobaki cheupe. Hakuwa amejua kwamba kipo. Pieris alikuwa na miezi kumi na moja tu kwenye ndoa.

Angeweza kunyoosha mkono siku ile ile, sindano zilikuwa pale. Hakunyoosha. Kama anayo, alifanya sawa, na uchungu wake una maana. Kama hana, alimwacha mtu aliyempenda kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo. Akaona afadhali asijue, na akalishikilia hilo kwa ukaidi wa kwao. Kila alipopimwa damu kwa homa au kwa presha, aliikunja karatasi ya majibu kabla ya kufika kwenye mstari wa ukubwa wa chembe nyekundu. Wenye alama chembe zao huwa ndogo, na nesi mzoefu akiutazama mstari ule mmoja, mengine ni kuthibitisha tu. Evanthia aliusoma wa maelfu ya watu. Wa kwake aliufunika kwa dole gumba.

Wawili walimposa baadaye, mwalimu mmoja na mjane mwenye duka la mbegu. Aliwakataa wote kwa sauti ya upole. Mama yake alipokufa, akahamia mjini, kwenye vyumba viwili juu ya duka la viatu, na humo ndimo alimozeekea.

*

Zilibaki siku sita za kazi kabla hajastaafu alipokuja Rodoula.

Aliingia na mchumba wake, Loizos, kijana mnene mwenye aibu aliyekuwa akiogopa sindano waziwazi. Rodoula alikuwa na miaka kama thelathini. Nywele alizipaka rangi ya kahawia, lakini rangi ilikuwa ya wiki tatu, na pale kwenye mizizi, juu ya paji, upande wa kushoto, kulikuwa na kipande cheupe pe. Evanthia alikiona kabla hajasoma fomu. Akasoma fomu hata hivyo, jina la baba, na herufi zikacheza kidogo.

"Baba kasema nikutafute wewe," alisema Rodoula, akikunja mkono wa blauzi. "Kasema nisikubali nesi mwingine. Eti una mkono mwepesi."

"Kajuaje? Mimi sijawahi kumtoboa."

"Basi kakusingizia sifa." Rodoula akacheka, na kicheko kilikuwa cha mtu mwingine, pengine cha Stalo. Evanthia akashukuru kwa hilo.

Alimtoboa Rodoula, akamtoboa Loizos, ambaye alifumba macho na kuuliza kama imekwisha kabla haijaanza. "Bwana, wewe ndiye utakayeingia leba na mkeo?" Evanthia alimuuliza. "Mungu amsaidie mkunga." Loizos akatoka kwenda kuvuta hewa. Rodoula alibaki ameshikilia pamba kwenye mkono.

"Mama, nikuulize kitu? Usinicheke."

"Uliza."

"Inawezekana mtu akakataa kupima? Enzi zile, namaanisha. Mama yangu aliniambia baba alikuwa na mchumba kabla yake, wakaachana kwa ajili ya damu. Lakini huyo mwanamke hakupima. Alikataa tu." Aliitazama pamba. "Mama anasema baba mpaka leo anajiuliza. Akinywa kidogo sikukuu anakaa kimya, na mama anajua anawaza nini. Mama hana wivu, wamezeeka. Anamwonea huruma tu."

Evanthia aliandika tarehe kwenye kichupa, ingawa alikuwa ameshaiandika. Msichana huyu hajui, alijiambia. Au anajua na ana adabu.

"Watu wa zamani walikuwa wajinga," alisema. "Majibu Ijumaa, saa nne. Mje wote wawili."

Walipoondoka alifunga mlango. Akaketi kwenye kiti cha mkono mpana, ambacho kwa miaka yote ile hakuwahi kukikalia, akafunga mpira juu ya kiwiko kwa kuuvuta na meno. Mshipa wake ulikuwa mzuri, ungemfurahisha nesi yeyote. Aliingiza sindano na kutazama damu ikipanda, nyekundu iliyokolea, na haikumwambia chochote. Kwenye kichupa aliandika E.T. tu, akakiweka katikati ya vichupa vya Rodoula na Loizos.

Androniki wa maabara hakukosa kukiona. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka ishirini, na Androniki alikuwa mtu wa kutaka kujua mpaka rangi ya soksi zako.

"Huyu E.T. ndiye nani, dada Evanthia? Hana tarehe ya kuzaliwa, hana baba?"

"Mchumba."

"Mchumba wa nani?"

"Pima tu, Androniki."

"He! Usiniambie umepata mtu sasa hivi, unapokaribia kustaafu! Na mimi nimeshaagiza keki ya kukuaga, niiongezee vijisanamu viwili juu?" Kisha akamtazama usoni, akaacha mzaha, akakichukua kichupa akaondoka nacho.

*

Siku nne za kungoja Ijumaa zilikuwa ndefu. Evanthia hakuwa na wa kumwambia, na hilo lilimuuma kuliko kungoja kwenyewe. Binamu yake mmoja aliishi Australia, na kule ilikuwa alfajiri kila alipofikiria kupiga simu. Alipika supu ya trahana, ile ya ngano na maziwa ya mgando, kwa kipimo cha mama yake, cha watu wanne, kwa sababu kingine hakukijua, akala ile ile mchana na jioni mpaka akaichukia.

Jumanne alikwenda kanisani, wakibatiza mjukuu wa jirani. Wanawake walimzunguka mtoto, wakamgawana kipande kipande kama kawaida yao. Pua ni ya babu, bila ubishi. Masikio ya upande wa baba, maskini. Na hiki kidevu mmekitoa wapi, si cha shangazi Loukou huyu? Evanthia alisimama na kikombe cha sharubati akatabasamu kila ilipopasa. Kidole chake kidogo kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, mikono yote miwili. Cha mama yake kilipinda hivyo hivyo, na cha bibi yake aliyemwona kwenye picha tu. Alikificha nyuma ya kikombe. Hakukuwa na uso duniani ambao mtu angeutazama akasema, huyu kamtoa Evanthia. Vitu vyote alivyopewa na waliomtangulia vilikuwa vinaishia kwake, na alikuwa amejiambia miaka yote kwamba alifanya hivyo kuizuia alama. Sasa alikuwa anangoja kuambiwa kama alama ilikuwepo.

Hakuomba iwe hivi au vile. Alijaribu kuomba, akashindwa kujua anachotaka.

Ijumaa asubuhi Androniki aliingia mwenyewe na bahasha tatu, asimtume mtu. Evanthia alifungua ya Loizos kwanza. Safi. Kisha ya Rodoula: chembe ndogo, na vipimo vingine vilivyothibitisha. Ana alama, ameirithi kwa baba pamoja na lile shungi jeupe. Halafu akafungua ya tatu, na safari hii dole gumba alilikunja ndani ya ngumi.

Tisini na moja. Chembe kubwa, nzima, za mtu asiye na chochote. Mistari ya chini ilisema hivyo hivyo.

"Mmechanganya vichupa," alisema.

"Nimepima mara mbili," alisema Androniki kwa sauti ndogo. "Mwandiko wako nitauacha kuujua? Nimeipima damu mwenyewe, kwa mikono yangu. Huna, dada. Huna na hukuwahi kuwa nayo. Hongera."

Neno hilo la mwisho lilimtoka kwa mazoea, maana ndilo waliloambiwa wote wenye bahasha kama ile. Androniki akaliona linavyotua, akaweka mkono mdomoni.

Evanthia alitegemea angelia. Hakulia. Alihisi hasira, kavu, isiyo na pa kwenda. Mama yake alikuwa kaburini, madaktari wa ukumbi wa ushirika walikuwa makaburini, na msichana wa miaka ishirini na miwili aliyerudisha pete bila kunyoosha mkono alikuwa ameketi hapa hapa, na mvi, na koti jeupe. Sindano moja tu. Alikuwa amewachoma watu elfu na elfu, wakati yeye mwenyewe alihitaji kuchomwa mara moja, na mtu mwingine, mwaka ule, saa ile.

"Wamefika," alisema Androniki mlangoni. "Niwaambie waje kesho?"

"Waingie."

Aliwaketisha. Akafungua droo, akamwekea Rodoula lozi mbili, moja nyekundu, na Loizos mbili safi. Mikono ilikuwa imeizoea kazi ile kuliko yeye.

"Wewe Rodoula unabeba alama," alisema. "Loizos hana. Fumbeni macho mchukue."

Walichukua mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Safi na safi. Nyekundu na safi. Safi na safi.

"Endeleeni mpaka kesho kama mnataka," alisema Evanthia. "Nyekundu mbili hamtazipata, kwa sababu huyu bwana hana ya kutoa. Mmoja anayo, mwingine hana: hakuna mtoto wenu atakayeugua. Hata mmoja. Baadhi yao watabeba alama kama mama yao, nao watakuja hapa siku moja kutobolewa. Basi."

"Ni hivyo tu?" aliuliza Loizos.

"Ni hivyo tu." Alisikia maneno yake yakitoka, na kila neno lilikuwa la Pieris na yeye. Mmoja anayo, mwingine hana. Wangeweza kuzaa watoto saba. Wangeweza kugombana juu ya pua ya nani na kidole cha nani. Akageukia dirisha, akajifanya anatafuta muhuri.

Rodoula alikuwa analia na kucheka pamoja, amemkumbatia Loizos shingoni, ile mizizi myeupe ya shungi imegusana na shavu la kijana. Evanthia alimtazama. Huyu asingekuwepo, alifikiri. Wale saba wangekuwepo, na huyu asingekuwepo. Hakujua afanye nini na wazo hilo. Akagonga muhuri.

"Baba yuko nje," alisema Rodoula akijifuta. "Ametuleta. Anaona haya kuingia, lakini ameniambia nikusalimie."

*

Pieris alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, kofia magotini. Kichwa chote kilikuwa cheupe sasa, shungi halikuonekana tena lilianzia wapi. Rodoula alimwonyesha cheti, naye akambusu, akampiga Loizos begani. "Tangulieni kwenye gari," aliwaambia. "Mama yenu anangoja simu, mpigieni kabla hajaunguza vitafunio vya watu."

Wakabaki wawili. Walikuwa wameonana mara mbili tatu katika miaka yote hiyo, mazikoni, kwa mbali.

"Umezeeka, Evanthia."

"Na wewe hukubaki nyuma."

Alicheka. Kisha akaanza kuizungusha kofia kwa vidole vya fundi, vilivyojaa makovu. "Sikuja kukusumbua. Nina swali moja tu, na usiponijibu nitakwenda zangu. Nimelibeba muda mrefu mno." Hakumtazama. "Hatimaye ulipima?"

Evanthia angeweza kusema kwamba si kazi yake kuuliza. Angeweza kuanza kulia, na yote yangekuwa wazi. Katika chumba kile, kwa miaka thelathini na sita, hakuwahi kumficha mtu jibu la damu, hata kwa huruma. Alikuwa akiwasema vibaya manesi waliofanya hivyo.

"Nilipima," alisema.

"Lini?"

"Zamani. Mwaka nilioanza kazi hapa."

"Na?"

Nje, kwenye maegesho, Rodoula alikuwa akipiga kelele kwenye simu, akimwambia mama yake hakuna hata mmoja, mama, amesema hakuna hata mmoja atakayeugua. Sauti ilipita dirishani nzima nzima. Pieris aligeuza kichwa kuisikiliza, na uso wake ulilainika kwa namna ambayo Evanthia aliikumbuka vizuri.

"Ninayo," alisema.

Pieris aliacha kuizungusha kofia. Kisha mabega yake yakashuka polepole, kama ya mtu aliyeambiwa aweke chini gunia.

"Miaka thelathini na tisa," alisema, "nimekuwa nikijiambia, labda hana. Labda tuliachana bure. Niko na Stalo mezani, mwanamke mwema, hajanikosea kitu, na mimi nawaza, labda yule hana." Akajifuta macho kwa kofia. "Kumbe uliona sawa. Kumbe ulituokoa."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nakulaumu. Nisamehe."

"Hukunikosea, Pieris."

Akasimama, kwa shida ya magoti, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Harusi ilikuwa Jumapili ya tatu ya mwezi ujao, alisema, na aje, Stalo mwenyewe atafurahi. Evanthia alisema atajitahidi. Walitembea pamoja mpaka mwisho wa ukumbi, naye akitembea wepesi kuliko alivyokuja, hata kofia alisahau kuivaa.

Mlangoni alisita. "Mungu anisamehe kwa neno hili," alisema, "lakini nimefurahi kwamba unayo."

"Furahi tu," alisema Evanthia, na akamfungulia mlango.